Somo: Risoti ya Nyumbani ni Ipi? Kabla ya Kusaini Taimushea, Fungua Kalenda Yako

Somo hili ni la ndugu zetu wa DMV, walioko DC, Maryland na Virginia. Somo la leo limetokana na swali linalotufikia kila kiangazi. Mwaka huu mwenzetu mmoja ameliuliza hivi: "Tumepewa siku tatu za hoteli Williamsburg kwa bei ya bure, sharti tukasikilize semina ya dakika 90. Wanasema tukinunua tutachagua risoti ya nyumbani. Tuchague ipi?"

Wengi wangejibu neno moja tu: msinunue. Ushauri huo si mbaya, lakini haumsaidii mtu aliyekwishaketi mezani kwa muuzaji, mtoto amelala mapajani, na karatasi iko mbele yake. Pia wapo wenzetu wachache ambao mpango huu umewafaa. Kwa hiyo tujifunze jinsi unavyofanya kazi, kila mtu apige hesabu yake.

Tunaandika kwa kuwa tulishapita hapo. Mmoja wetu analea watoto kwenye familia moja Bethesda, mwingine ni fundi wa jipsamu kwenye majengo. Mwaka 2015 tulisaini. Hatukuchagua risoti ya nyumbani, muuzaji alituchagulia: "Hii ndiyo yenye bei nzuri leo." Ilikuwa ufukweni, mwendo wa zaidi ya saa tisa kwa gari. Katika miaka mitano tulilala pale mara mbili. Wakati huo nyumba yetu ya Chanika ilikuwa imesimama kwenye lenta, mvua inanyesha juu ya tofali, na mama anauliza kwenye simu, "Bati linakuja lini?" Hatukuwa na jibu la kumpa.

Kosa letu kubwa lilikuwa moja. Tulitazama picha za bahari, hatukutazama kalenda ya kazi zetu. Somo hili linahusu hilo.

1. RISOTI YA NYUMBANI NI KITU GANI?

Taimushea ni mpango wa kulipia haki ya kutumia nyumba ya likizo kwa zamu na watu wengine. Zamani ulinunua wiki moja kwenye jengo moja, na wiki hiyo ilikuwa yako kila mwaka. Siku hizi kampuni nyingi zinauza pointi. Kila mwaka unapata pointi zako, unazitumia kulipia siku za kulala. Wiki inayogombaniwa inakula pointi nyingi, wiki tulivu inakula chache.

Lakini hata kwenye pointi, mara nyingi mkataba wako umefungwa kwenye jengo moja. Jengo hilo ndilo risoti yako ya nyumbani. Muuzaji atakuambia, "Usijali, unaweza kulala popote." Ni kweli kwamba unaweza kuomba popote. Ila risoti ya nyumbani ndiyo inayoamua mambo manne yatakayokufuata miaka yote.

La kwanza ni foleni. Chukua mfano wa Disney Vacation Club, maana sheria zake zinajulikana na ni rahisi kueleza. Kwenye risoti yako ya nyumbani unaweza kuweka nafasi miezi 11 kabla ya safari. Kwenye risoti nyingine za mpango huo unasubiri hadi ibaki miezi 7. Maana yake wenye nyumba wanatangulia kwa miezi minne. Wewe unapofika, vyumba vya Krismasi na vya wiki ya Pasaka huenda vimekwisha. Kampuni nyingine kubwa nazo zina utaratibu wa kumtanguliza mwenye nyumba, ila miezi inatofautiana. Uliza, kisha uisome kwenye mkataba.

La pili ni ada ya matunzo. Unalipa kila mwaka, uende usiende. Inatokana na gharama za jengo lako: usafi, bima, kodi ya ardhi, matengenezo. Ukilala kwenye jengo la mwenzako lenye ada ndogo, ada yako haipungui. Bado unalipa ya nyumbani kwako. Majengo ya ufukweni mara nyingi yana ada kubwa, kwa sababu chumvi inakula kuta na bima ya kimbunga ni ghali. Risoti ya Disney ya Vero Beach, iliyoko pwani ya Florida mbali na viwanja vya michezo, inajulikana kwa jambo hilo: pointi zake za mkono wa pili ni za bei ndogo, lakini ada yake ya mwaka ni ya juu kuliko za wenzake wengi. Kimbunga kikiharibu jengo, wenye nyumba wanaweza kutakiwa kutoa mchango wa dharura juu ya ada.

La tatu ni mwisho wa mkataba. Baadhi ya mikataba ina tarehe ya kuisha. Kwa Disney, mikataba mingi ya BoardWalk, Vero Beach na Hilton Head inaisha 2042, na ile ya Riviera inaisha 2070. Kampuni nyingine zinauza kwa hati isiyo na mwisho kabisa. Usidhani kwamba kisicho na mwisho ni bora. Hati isiyo na mwisho ni ada isiyo na mwisho, na ukifariki inaweza kuwafikia warithi wako kama mali yenye bili.

La nne ni thamani yake ukitaka kuiuza, au ukinunua kwa mtu badala ya kampuni. Kuna taimushea za mtumba, na mara nyingi bei yake ni ndogo sana kuliko ya dukani. Lakini mtumba una masharti. Kwa Disney, mikataba iliyonunuliwa kwa mtu tangu tarehe 19 Januari 2019 haina haki zote. Ukinunua Riviera ya mtumba, unalala Riviera tu. Ukinunua ya mtumba kwenye zile risoti 14 za zamani, unaweza kuzunguka ndani ya hizo 14, huingii kwenye mpya. Kwa mnunuzi wa mtumba, basi, risoti ya nyumbani ina uzito zaidi. Usinunue jengo ambalo hutaki kulala humo.

2. KALENDA KWANZA, PICHA BAADAYE

Sasa tufike kwenye kiini. Kuwahi foleni miezi 11 kunamfaa mtu wa aina moja tu: anayejua tarehe za likizo yake karibu mwaka mzima kabla, na anayetaka siku ambazo kila mtu anazitaka. Kama hujui tarehe zako, foleni hiyo ya mbele umeilipia bure. Kama unasafiri siku ambazo hakuna anayezitaka, huihitaji. Tuwatazame wenzetu watatu.

Dada anayelea watoto wa watu. Likizo yake inafuata ya bosi, na ya bosi inafuata shule. Familia inakwenda ufukweni Agosti, naye anaambiwa Juni, "Wiki ya pili ya Agosti pumzika." Hiyo ni miezi miwili kabla. Foleni ya miezi 11 imempita, ya miezi 7 nayo imempita. Na Agosti ndiyo wiki zinazokula pointi nyingi. Pengine bosi atabadilisha mawazo na kumwambia afuatane nao Ocean City kuwashika watoto. Kwa dada huyu hakuna risoti ya nyumbani iliyo nzuri mpaka kwanza apate tarehe za likizo kwa maandishi. Kwenye Kaunti ya Montgomery ipo sheria ya tangu 2008 kuhusu mkataba wa maandishi kati ya mwajiri na mfanyakazi wa nyumbani. Dada, ukiandikiana mkataba na bosi, hakikisha siku za likizo zimo ndani, na ikiwezekana na miezi yenyewe. Karatasi hiyo itakufaa kuliko semina yoyote.

Kaka wa mjengo. Hapa kwetu kazi za nje hupungua kuanzia Desemba hadi Machi, baridi ikibana na zege likigoma. Kaka ana nafasi Januari na Februari, wakati wenye watoto wa shule wamerudi makazini. Ufukwe wa Ocean City ni mtupu wakati huo, na Orlando baada ya Mwaka Mpya hutulia kidogo. Mtu huyu hahitaji kuwahi foleni ya miezi 11. Akifika foleni ya miezi 7, na wakati mwingine hata mwezi mmoja kabla, anapata chumba kwa pointi chache. Kwa hiyo akinunua, asilipie jina la risoti. Atafute ada ndogo na mkataba wenye mwisho unaoeleweka. Ila aangalie mambo mawili. Kwanza, wiki ya Siku ya Marais mwezi Februari shule nyingi hufungwa, na bei hupanda. Pili, Massanutten, kule kwenye milima ya Virginia, Januari na Februari ni msimu wa kuteleza kwenye theluji. Wiki tulivu ya ufukweni ni wiki ya fujo mlimani.

Mume na mke wenye kazi tofauti. Hawa ndio sisi. Fundi yuko huru Januari, mlezi yuko huru Agosti. Ukiziweka kalenda mbili juu ya nyingine, wiki ambazo wote tulikuwa huru zilikuwa mbili: ile ya Krismasi na Mwaka Mpya, na mara mojamoja ya Pasaka. Wiki hizo mbili ndizo zinazogombaniwa kuliko zote. Tungehitaji risoti ya nyumbani tunayoipenda kweli, na nidhamu ya kuweka nafasi mwezi Januari kwa ajili ya Desemba. Sisi tulikuwa tunakumbuka Oktoba. Kila Oktoba jibu lilikuwa moja: hakuna nafasi.

Basi fanya hivi. Chukua kalenda ya mwaka jana, si ya mwaka ujao. Weka alama siku ulizopumzika kweli, na andika pembeni ulijua lini kwamba utapumzika. Kalenda ya mwaka ujao hudanganya kwa sababu ina matumaini ndani yake. Ya mwaka jana inasema ulichofanya.

3. RAMANI: UNAFIKAJE?

Kutoka hapa kwetu, Williamsburg ni mwendo wa saa mbili na nusu hadi tatu kwa I-95 na I-64, foleni ikikuhurumia. Ocean City ni kama saa tatu, unavuka Daraja la Chesapeake. Massanutten ni zaidi kidogo ya saa mbili. Hilton Head, Carolina Kusini, ni kama saa tisa. Orlando ni saa 12 au zaidi usipolala njiani. Mtu mwenye watoto watatu na gari moja kuukuu atafika Williamsburg kila mwaka. Orlando atafika mara moja, kisha ataanza kusema "mwakani".

Usisahau pia kuangalia upande wa pili, karibu mno. Kuna jengo la Club Wyndham pale National Harbor, Kaunti ya Prince George's, na jingine Old Town Alexandria. Ni majengo mazuri, na kwa mtu wa Ohio anayetaka kuiona Washington yana maana. Lakini ukiwa unaishi Oxon Hill, risoti ya nyumbani ya National Harbor iko mtaani kwako. Wanaonunua hapa karibu huwa wanapanga kubadilisha pointi ili walale kwingine. Kubadilisha kunawezekana, ndani ya kampuni au kupitia mashirika ya kubadilishana kama RCI, lililoanza 1974, na Interval International, lililoanza 1976. Ila kwenye mashirika hayo kuna ada ya uanachama na ada ya kila mabadilishano, na unarudi foleni ya nyuma. Ukinunua jengo A kwa nia ya kulala jengo B, umelipia foleni ya mbele usiyoitumia.

Na usinunue ahadi. Muuzaji akikuambia kampuni itajenga karibu na kwako hivi punde, kumbuka habari ya hapahapa National Harbor. Mwaka 2009 Disney ilinunua eneo pale ikiwa na mpango wa hoteli ya mapumziko. Watu wakafurahi. Mwaka 2011 Disney ikaachana na mpango huo, na hoteli haikujengwa. Kampuni ina haki ya kubadili mpango wake, lakini wewe mkataba wako haubadiliki. Nunua kilichosimama, tena baada ya kulala humo angalau usiku mbili kwa kukodi. Wamiliki wengi hukodisha pointi wasizozitumia. Kodi kwanza mwaka mmoja au miwili, ndipo useme unapapenda.

4. DAFTARI

Mali bila daftari hupotea bila habari. Tupige hesabu ya mfano. Weka namba zako badala ya zetu.

Tuseme bei ni dola 20,000. Unatoa 2,000 mkononi, 18,000 unakopeshwa na kampuni yenyewe kwa riba ya asilimia 15, miaka 10. Riba ya mkopo wa aina hii mara nyingi huwa kubwa, kwa hiyo usishtuke na 15. Marejesho ni kama dola 290 kwa mwezi. Katika miaka 10 utakuwa umelipa kama 34,850 kwa deni la 18,000.

Ada ya matunzo tuseme ni 1,100 kwa mwaka, sawa na karibu 92 kwa mwezi. Jumla ya mwezi ni 382. Kwa mshahara wa dola 15 kwa saa, hizo ni zaidi ya saa 25 za kazi kila mwezi, kabla ya kodi. Zaidi ya nusu wiki ya mgongo kuuma inageuka likizo ambayo bado hujaipata.

Ada hiyo haitulii. Ikipanda asilimia 4 kila mwaka, baada ya miaka 10 itakuwa kama 1,630, na baada ya 20 kama 2,410. Ukijumlisha ada za miaka 10 ya kwanza unapata kama 13,200. Ongeza marejesho 34,850 na ile 2,000 ya mwanzo. Jumla ni karibu dola 50,000 kwa wiki 10 za likizo, yaani dola 5,000 kwa wiki, kabla ya petroli na chakula. Tena hiyo ni kama umekwenda kila mwaka. Ukienda mara mbili kama sisi, gawanya mwenyewe.

Sasa weka pembeni njia ya pili. Tuseme unakodi nyumba ya namna hiyohiyo kwa dola 1,800 kwa wiki, mwaka unaoweza tu. Ukienda miaka yote 10, ni 18,000. Tofauti ni 32,000. Hizo ni karo, ni bati, ni akiba ya sacco, ni tiketi kadhaa za kutoka Dulles kupitia Addis Ababa kwenda kuwazika au kuwaona wazee.

Hapo tumefika kwenye neno lenyewe. Kampuni inauliza "nyumbani" kwako ni wapi na inakupa orodha. Wengi wetu likizo yetu ya kweli haimo kwenye orodha hiyo. Iko Chanika, Kisumu, Mbale, Bukavu. Kila wiki ya ruhusa ni moja, ukiitumia hapa hutaitumia kule. Kama baada ya kila miaka miwili unakusanya ruhusa zako zote uende nyumbani mwezi mzima, basi mwaka huo pointi zitakaa. Kampuni nyingi zinaruhusu kuziweka akiba kwa mwaka unaofuata, kwa masharti na tarehe zake. Ada haiwekwi akiba.

Na kwa dada zetu wenye viza za A-3 na G-5, wanaofanya kazi kwa wanadiplomasia au kwa wafanyakazi wa Benki ya Dunia na IMF: viza yenu imeshikamana na mwajiri. Mkataba wa bosi ukiisha, huenda mkalazimika kuondoka. Mkataba wa taimushea hautaondoka nanyi wala hautajifuta. Kwa mtu ambaye hana uhakika wa kuwa hapa miaka mitatu ijayo, hakuna risoti ya nyumbani ya kumshauri.

5. SIKU YA SEMINA

Dakika 90 huweza kuwa masaa manne. Hawakushikilii kwa nguvu. Wanakupa soda, wanakusifia watoto, wanaleta meneja, wanashusha bei, wanaleta meneja mwingine. Siku hizi muuzaji anaweza kuwa mtu wetu kabisa, anakuita "kaka" kwa Kiswahili safi. Mheshimu, yuko kazini. Lakini pesa ni zako.

Ukiwa mezani, uliza maswali haya na uandike majibu: Risoti yangu ya nyumbani ni ipi hasa, na imeandikwa ukurasa gani? Naweza kuweka nafasi miezi mingapi kabla, na asiye mwenye nyumba miezi mingapi? Ada ilikuwa kiasi gani kila mwaka kwa miaka mitano iliyopita? Umewahi kuwapo mchango wa dharura? Mkataba unaisha mwaka gani? Mnayo njia ya kuurudisha? Kisha mwombe afungue kompyuta, akuonyeshe kama kuna chumba kwa wiki ile uliyoitia alama kwenye kalenda yako. Ahadi ya mdomo isiyo kwenye karatasi ihesabu kuwa haipo.

Ukiambiwa "bei hii ni ya leo tu", jibu, "Sisi tunaamua tukiwa nyumbani." Kitu kizuri kwako leo kitakuwa kizuri na Jumanne.

Na kama umesaini, sikiliza vizuri. Una siku za kughairi kwa mujibu wa sheria. Virginia ni siku 7. Maryland ni siku 10. Florida ni 10. Pennsylvania ni 5. Ni siku za kalenda, Jumamosi na Jumapili zinahesabiwa. Soma mkataba wenyewe, utaona siku ngapi, zinaanza kuhesabiwa lini, na barua ipelekwe wapi. Usipige simu tu. Andika barua fupi: majina yenu, namba ya mkataba, tarehe, na sentensi moja, "Tunaghairi mkataba huu." Sainini wote mliosaini. Nenda posta, itume kwa barua ya rejista yenye stakabadhi ya mpokeaji, utunze nakala na risiti. Usieleze sababu, usiombe radhi. Sisi tulijua habari hii siku ya kumi na tisa. Karatasi ilikuwamo kwenye lile begi zuri walilotupa, chini ya kalamu na fulana, hatukuwa tumelifungua.

6. WALIOKWISHA NUNUA

Usijilaumu, na usiache kulipa kimyakimya. Ada na mkopo visipolipwa vinaweza kuharibu rekodi yako ya mikopo, ile unayoitegemea kukodi nyumba na kununua gari. Kwanza piga simu kampuni yako, uliza kama wana mpango wa kuupokea mkataba. Baadhi wanao, hasa mkopo ukiwa umekwisha. Sisi tulimaliza deni, kisha tukaurudisha bila kulipwa hata senti. Tulitoka mikono mitupu, na tulilala usingizi.

Pili, jihadhari na anayekupigia akisema amekupatia mnunuzi, au atakutoa kwenye mkataba, ila utangulize ada. Tume ya Biashara ya Serikali Kuu, FTC, imekuwa ikionya kuhusu watu hao kwa miaka. Julai 2024 Wizara ya Fedha ya Marekani na FBI walitoa tahadhari kwamba magenge ya dawa za kulevya ya Mexico nayo yamejiingiza kwenye utapeli wa taimushea. Pesa ya kutanguliza usitoe.

Tatu, kama mkataba bado uko mikononi mwako, utumie. Weka kengele kwenye simu: miezi 11 kabla, au mingapi iliyo kwenye mkataba wako, saa ambayo nafasi zinafunguliwa. Ada umeshalipa, basi watoto waogelee.

KAZI YA WIKI HII

Chukua karatasi moja. Juu andika wiki ulizopumzika mwaka jana, na ulizijua lini. Katikati andika mahali ulipofika kwa gari ndani ya miaka mitatu, na mara ngapi. Chini andika kiasi unachotuma nyumbani kwa mwezi, na kiasi kitakachobaki ukitoa 382. Ikiwa wiki zako zinajulikana mapema, mahali ni palepale kila mwaka, na kinachobaki kinatosha, basi tafuta jengo la mahali hapo, la mtumba, kwa pesa taslimu, na masharti yake uyaelewe. Hiyo ndiyo risoti yako ya nyumbani. Ikiwa mstari mmoja tu umegoma, kodi wiki moja mwaka huu, mpumzike, mrudi.

Nyumba ya Chanika iliezekwa 2022. Mama ameweka kiti barazani.

Somo lijalo tutazungumzia kumpa ndugu pesa za ujenzi kwa awamu, na jinsi ya kuomba picha za kazi bila kugombana. Tuwe salama kazini.